Mkarafuu wa Hind

Nilikuwa mkaguzi wa karafuu Wete, Pemba, na kazi hiyo sikupewa kwa jina la baba. Nilisoma shule ya usiku miaka sita. Katika masomo yote niliipenda jografia, na katika jografia, mkoa wa Maluku huko Indonesia, kwa kuwa asili ya karafuu ni huko. Sijaufikia, lakini naweza kuueleza: visiwa vyenye milima ya moto, kasuku weupe, kasuari ndege mkubwa asiyeruka, kungumanga, na karafuu zilizowafanya wafanyabiashara wa mbali wapigane.

Tulipokimbilia Maskati mwaka 1964 nilibeba miche mitatu ya mkarafuu katika kopo la samli. Miwili ilikufa melini. Wa tatu ulikuwa hai bado mwezi wa Disemba, Kheiria, mke wa mwanangu Sleyum, alipomzaa Hind. Sleyum mwenyewe alikuwa Kuwait akitafuta kazi.

Siku ya saba niliuhamishia mche kwenye mtungi uani. Nikawaeleza kwamba huko Maluku mtoto akizaliwa hupandiwa mkarafuu, na wazee wao huamini kuwa uhai wa mti na wa mtoto ni mmoja. Mke wangu Masouda akaniuliza kama huko nako wakwe husema sana. Tulicheka, ila Kheiria hakucheka. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili Pemba. Tangu siku ile, kila asubuhi akishamnyonyesha Hind, alikwenda kuyahesabu majani.

Juni ukaja upepo wa gharbi, utokao jangwani, moto kama wa tanuri. Majani yakajikunja. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo Kheiria akawa anaumwagilia mti maji yake ya kunywa. Mimi niliufunika kwa gunia bichi.

"Bwana Jografia," Masouda akaniambia, "huko Maluku mvua huteka nani?"

Ukurasa uleule wa kitabu cha jografia wenye habari za mila ile ulisema kwamba mti huu hutaka mvua karibu mwaka mzima. Niliujua tangu ujana. Siku ya saba nilikuwa na watu wa kunisikiliza, nikauruka mstari huo.

Jani la mwisho lilianguka Ijumaa. Hind alikuwa mzima, anatambaa, anavuta upindo wa kanzu yangu.

"Mwanangu," nikamwambia Kheiria, "mti umekufa kwa joto. Yale ni maneno ya kitabuni tu. Mtoto hana neno."

"Baba, wewe ulituambia umesoma."

"Nimesoma. Lakini hili si kweli."

"Basi kweli ni lipi katika uliyotwambia?"

Nilitaka kumtajia milima, ndege, mvua. Nikainama kuliokota jani lile.

Maulidi yalipokaribia, Sleyum alituletea kitambaa cha kijani kutoka Kuwait. Masouda alimkumbusha Kheiria aache upindo mpana, gauni lifunguliwe mtoto akikua. Kheiria akaitika vizuri. Kisha akamlaza Hind juu ya kitambaa, akampima toka bega mpaka kifundo cha mguu, akakata papo hapo, bila kuzidisha hata kidole.

Kitambaa kilichobaki alikikunja, akampa Masouda ampelekee mwenye haja nacho. Niliketi mbele ya Kheiria na miwani yangu mkononi. Hakuniuliza kitu, wala tangu siku hiyo hajaniuliza.