Sikumgusa

Nusaiba alianguka kwenye mtaro wa Barabara ya Kilwa asubuhi ya Jumatatu, akiwa ndani ya gauni alilolipiga pasi vizuri kwa ajili ya kazini. Maji ya mtaro ule hayakuwa ya mvua. Yalikuwa meusi, mazito, ya kutoka mabafuni na jikoni kwa watu, na juu yake zilielea nepi na maganda ya mihogo. Yalimrukia mpaka nywelini, na aliposimama yalimfika magotini. Mkono wake mmoja ulizama mpaka kiwiko ukashika kitu laini ambacho hakutaka kukijua.

Hakuna gari lililomgonga. Gari jeupe lilitokea nyuma, likampigia honi sikioni, likapita karibu naye kiasi kwamba kioo cha pembeni nusura kimguse mkono. Nusaiba akakata usukani wa baiskeli yake kushoto, tairi la mbele likaacha lami, basi. Gari likapunguza mwendo kidogo. Abiria mmoja akatoa kichwa dirishani, akamtazama pale mtaroni, akatema kohozi barabarani na kucheka. Nusaiba aliyaona meno yake yote. Kisha gari likaondoka.

Juu ya mtaro palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Nao walicheka.

"Sista, leo umekuja kuogea huku?"

"Si utafute bwana akununulie gari! Baiskeli na wewe wapi na wapi?"

Mmoja tu ndiye aliyeshuka akamsaidia kuitoa baiskeli, na hata huyo alikuwa akiivuta huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nusaiba alikuwa akiuza dawa kwenye duka moja la dawa Mtoni Mtongani, na nyumbani kwao ni Keko. Asubuhi magari yanayotoka upande wa mjini huwa machache, na kwa sababu hiyo yanakimbia kama yamechanganyikiwa. Pembeni ilikuwepo njia ya baiskeli, lakini ilikuwa imejaa meza za mitumba, bodaboda zilizoegeshwa na mafundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo ilibidi aendeshe barabarani. Alishazoea milango ya bajaji kufunguliwa ghafla usoni kwake, na mikia ya malori ya makontena inayokata kona bila kujali nani yuko ubavuni. Kila siku alikuwa akikoswakoswa na kitu. Lakini kukoswakoswa ni jambo moja, na kuchekwa ukiwa umekalia kinyesi cha watu ni jambo jingine.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akiikokota baiskeli. Mama yake, Bi Hija, alimwosha nywele bombani nyuma ya nyumba, akamwosha tena, akatia dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo na kumwosha upya. Harufu ilipungua lakini haikuisha. Mchana Nusaiba alishindwa kula. Kila alipoukunja mkono kutia tonge mdomoni, alikumbuka kile kitu laini.

Jioni alikuja Suhaib, mchumba wake. Alikuwa kijana wa Sinza anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, mwenye maneno matamu na mkono mwepesi wa kuwanunulia watu soda. Posa yake ilishapokelewa, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mfungo. Aliposikia habari ile alisimama, akakunja ngumi.

"Mshenzi gani huyo? Ungeisoma namba ya gari, Nusa, wallahi ningemsaka mpaka nimtie mkononi."

"Ningesomaje na mie nimo mtaroni?"

"Basi kuanzia kesho nakupitia mie. Hiyo baiskeli muuzieni muuza chuma chakavu."

Bi Hija aliinua mikono kumshukuru Mungu. Nusaiba naye alifurahi. Usiku ule alilala akiwaza kwamba amepata mwanamume wa kumwonea uchungu.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Gari la Suhaib lilikuwa na ubaridi na manukato, na muziki wa singeli ulipigwa kwa sauti ya chini. Nusaiba alishangaa jinsi barabara ileile ilivyogeuka. Honi zilisikika kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Waendesha baiskeli walionekana wadogo, wanaokwenda polepole, wanaoziba njia. Siku moja alijikuta akimsonya mmoja wao aliyewachelewesha kwenye kona, halafu akajionea haya.

Alhamisi walimkuta muuza samaki mbele yao. Alikuwa mtu mzima, ametoka soko la Feri na tenga kubwa la vibua limefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, amejibana kabisa pembeni ya lami. Upande wa kulia palikuwa na nafasi ya kutosha kumpita.

"Ngoja nimwamshe huyu," alisema Suhaib.

Nusaiba hakumwelewa. Aliona tu Suhaib ameachia mafuta, gari likawa linateleza kimyakimya, likasogea kushoto, likasogea tena, mpaka yule mzee akawa hapohapo dirishani kwake. Aliuona mchirizi wa jasho kwenye kipaji chake. Aliiona midomo yake ikitembea, pengine alikuwa akiimba. Ndipo Suhaib akaikandamiza honi kwa kiganja kizima.

Mzee aliruka juu ya kiti. Alimgeukia Nusaiba, macho kwa macho, baiskeli ikayumba, ikapiga ukingo wa barabara, ikaenda chini naye. Tenga likapasuka. Vibua vikamwagika barabarani mithili ya maji.

Nusaiba alipiga ukelele. Suhaib alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akaupiga usukani kwa kofi.

"Umemwona alivyoruka? Kama kuku!"

"Simama! Suhaib, simama!"

"Ya nini? Sikumgusa."

"Ameanguka!"

"Si nimekwambia sikumgusa? Hawa wanalala barabarani, wanaamshwa." Alijifuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. "Huyu cha mtoto. Kuna mmoja kule Boko alikuwa na magunia ya mkaa. Ungemwona yule, ungecheka mpaka uombe maji."

Nusaiba alimtazama. Midomo ilikuwa wazi, meno meupe, ulimi unang'aa. Aliyajua meno yale. Hayakuwa ya mtu yule wa gari jeupe, lakini kicheko kilikuwa kilekile, cha mtu aliyeona kitu kinachofurahisha na hana habari nyingine. Huu ndio mdomo uliokuwa ukimwita mpenzi. Hii mikono ndiyo iliyoshika yake sebuleni kwa mama yake.

Mbele kidogo magari yalisimama kwenye taa. Alifungua mlango akashuka.

"Nusa! Unakwenda wapi? We Nusa!"

Alikimbia kurudi. Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kidevu kinavuja damu, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yake lori lilishapita juu ya samaki, na bajaji, na lori jingine. Matumbo ya vibua yalikuwa yamegandamana na lami, magamba yanametameta, nzi wamefika kabla ya mtu. Watu nao walikuwa wamefika. Wanawake wawili na mwanamume mmoja aliyevaa shati la ofisini walikuwa wameinama wakiokota vile vilivyobaki vizima. Nusaiba alidhani wanamwokotea mwenyewe. Kisha akamwona yule wa shati la ofisini akifunga mfuko wake, akitazama huku na huku, akavuka barabara akaenda zake.

"Shikamoo baba," alisema Nusaiba akipiga magoti. "Baba, pole. Hebu niuone mkono."

Mzee hakuitikia.

"Wewe si ndiye uliyekuwa mle ndani?"

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Nilikuona unacheka."

"Sikucheka, baba! Nilipiga kelele."

"Mdomo ulikuwa wazi," alisema mzee, akageuza uso.

Nusaiba alifungua mkoba, akatoa kitambaa safi, akakibana pale kidevuni. Mzee alimwacha afanye, maana hakuwa na mkono wa kumzuia nao.

Suhaib alirudi kinyumenyume, taa zote zinawakawaka. Alisimamisha gari kando yao na kushusha kioo nusu.

"Ingia tuondoke, Nusa. Watu wanaanza kujaa."

"Mkono umevunjika. Tumpeleke hospitali."

"Kwenye gari hii?" Suhaib alivuta ukosi wa shati akafunika pua. "Na hiyo shombo? Siti zangu za kitambaa hizi, ikiingia haitoki."

"Suhaib, umemvunja mtu mkono."

"Sikumgusa, nakwambia! Haya, mpe hii akanunue dawa." Alitoa noti dirishani, amezibana kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili ili usinuke.

Nusaiba aliutazama mkono ule. Kucha zilikatwa vizuri. Saa ilikuwa safi. Hata pale mtaroni, na uozo wa mtaa mzima umemfika magotini, hakuwa amepata kinyaa kama hiki.

"Ondoka," alisema. "Ondoka nisije nikalitapikia hilo gari."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka.

Dereva wa bajaji alikubali kuwachukua, akatandika gunia kwenye kiti bila maneno mengi. Kwenye zahanati mzee alitaja jina lake, Twalib, na namba ya simu ya mkewe. Daktari alisema mfupa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Mkewe, Bi Mwajabu, alifika akihema, kanga imemponyoka begani, akamshika Nusaiba mikono yote miwili.

"Mungu akulipe, mwanangu. Wangapi wangemwacha palepale? Mungu akulipe."

"Usimshukuru," alisema Twalib kitandani. "Alikuwa nao mle garini."

Bi Mwajabu aliiachia mikono yake taratibu. Nusaiba alisema, "Kweli, nilikuwa nao," akatoka nje. Alinuka samaki na damu. Alikwenda kazini hivyohivyo.

Jioni aliwaambia wa nyumbani kwamba haolewi tena. Bi Hija alidhani mwanawe ana homa. Aliitwa mjomba Abdulrahman, kaka yake Bi Hija, ambaye ndiye aliyepokea posa. Alikuja, akakaa, akaisikiliza habari yote mpaka mwisho huku akizungusha tasbihi.

"Utani mbaya huo, sikatai," alisema. "Lakini ndio uvunje nyumba kabla haijasimama? Kijana huyo, atakua."

"Alishakua, mjomba. Akikua zaidi ya pale anakwenda wapi?"

"Watu wameshaambiwa, Nusaiba," alisema mama. "Tuwaambie nini? Kwamba umemwacha kwa ajili ya muuza samaki?"

"Na wala hakumgusa," aliongeza mjomba.

"Na mie hawakunigusa," alisema Nusaiba.

Bi Hija alikuwa ndiye aliyezitoa taka zile kwenye nywele za mwanawe kwa vidole vyake. Aliinamisha uso akawa anaukunjakunja upindo wa kanga, na toka hapo hakumtetea tena Suhaib.

Suhaib mwenyewe alikuja kesho yake. Alikaa kwenye kochi lilelile alilozoea, na Nusaiba alivuta kiti mbali.

"Nilikuwa natania, Nusa. Utani wa barabarani tu. Unanifananisha na yule aliyekuangusha wewe? Yule nikimpata namvunja."

"Kwa nini umvunje?"

"Kwa sababu amekuangusha wewe! Wewe wangu."

"Na mzee Twalib?"

"Twalib ndiye nani?"

"Uliyemwangusha."

"Aa." Suhaib alikunja uso, akijaribu kwa dhati kuelewa anaulizwa nini. "Lakini yule simjui. Hanijui."

"Na yule wa gari jeupe, mie alinijua?"

Suhaib alimtazama, kisha akamtazama Bi Hija mlangoni, kama mtu anayeomba kutafsiriwa. Nusaiba aliona kwamba hajifanyi. Hakuwa ameelewa, na asingeelewa hata angeelezwa mpaka alfajiri. Hilo ndilo lililomchukiza kuliko kicheko. Alinyanyuka akaenda zake chumbani, na akiwa kule alimsikia Suhaib akimwambia Bi Hija kwa upole kwamba atampa muda atulie.

Hakutulia. Wiki ile mjomba Abdulrahman alivaa kanzu akaenda Sinza kurudisha posa, amenuna. Pale Keko yalisemwa mengi: kwamba Nusaiba ana mwanamume mwingine, kwamba karogwa, kwamba ile baiskeli imemharibu. Alirudia kuiendesha. Bodaboda wa kijiweni walimpokea kwa vifijo, na bado magari yalimpitia mbavuni. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa honi ikimlilia mgongoni, alijua ndani ya gari kuna baridi na manukato, na pengine mtu anamwambia mchumba wake, "Ngoja nimwamshe huyu."

Nusaiba alimwona mzee Twalib mara moja, mbele ya duka la dawa, mkono bado una plasta. Alimwamkia kwa adabu. Mzee aliitikia marahaba, kwa sauti ndogo, akapita bila kusimama.

Baada ya mfungo, mchana mmoja, Nusaiba alifungua chombo chake cha chakula nyuma ya kaunta na simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa Suhaib, na nyuma yake kulikuwa na wanaume wengine, kelele za baa au za kijiweni.

"We Nusa, wenzio wanaachana kwa sababu ya wanawake. Wewe umeniacha kwa ajili ya vibua! Nimewasimulia hapa hawaamini." Kisha kicheko, cha wote kwa pamoja, kirefu, cha kukohoa.

Nusaiba aliufuta ujumbe. Alikifunika chakula bila kukionja, akaenda kwenye karo, akapaka sabuni na kuisugua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Dirishani mteja alikuwa anagonga kioo kwa funguo, anataka dawa ya tumbo.

"Nakuja, kaka," alisema, akaendelea kusugua.