Kadi ya Wachuka Mwingine

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonijua wanajua. Siku ya soko hapa Chaka kliniki yangu hujaa tangu asubuhi, na mgonjwa anayetaka kunifundisha kazi hunipandisha mori. Kwa hiyo Shosho Wachuka aliponiambia, "Daktari, huyu mtoto haskizani na penisilini, alifura uso yote," nilimwambia angoje kwanza nitazame kadi.

Mjukuu wake, Ivy Wachuka, alikuwa na miaka sita, homa kali, na koo limejaa usaha. Alihitaji antibiotiki, hilo halikuwa na ubishi. Kadi zetu tunazitafuta kwa jina na namba ya simu ya aliyemleta mgonjwa. Nikachomoa moja upesi: Wachuka, namba ya shosho, amoksilini mwezi wa tatu, akapona bila shida.

"Shosho, kadi inasema alikunywa na hakufura."

"Hapana, daktari, huyu alifura. Ile siku ata hakuona macho..."

"Ni mimi nilisomea dawa, ama ni wewe?"

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Shosho akakunja shuka lake magotini. Mimi mwenyewe nikampimia mtoto kijiko cha amoksilini, iliyo jamaa ya penisilini, nikamnywesha.

Dakika kumi hazikuisha. Ivy alianza kujikuna shingo, midomo ikavimba, kisha nikasikia pumzi yake inapiga mluzi. Nilimdunga adrenalini pajani, nikamwekea oksijeni, nikaita gari la wagonjwa, huku naomba Mungu kwa sauti bila kujali nani ananisikia. Baada ya muda mrefu pumzi ilitulia na vipele vikaanza kufifia.

Ndipo nikarudi kwenye droo. Kadi ya pili ilikuwa nyuma tu ya ile ya kwanza: Ivy Wachuka, namba ileile ya shosho, na juu yake kwa wino mwekundu, "Asipewe penisilini." Mwandiko ulikuwa wangu. Ile niliyosoma ilikuwa ya binamu yake, binti wa mwana mwingine wa shosho.

Shosho ana wana wawili, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la Shosho, ilivyo desturi yetu. Yeye ndiye huwaleta wajukuu wote hospitali. Mgeni angesamehewa kutojua. Lakini mimi ni Murugi, na kwetu Kangari tuko Murugi watatu tuliopewa jina la nyanya mmoja! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Koo la mtoto bado lilikuwa na usaha. Nikasimama mbele ya rafu na kufanya sasa kazi niliyopaswa kufanya asubuhi. Chupa ya kwanza ilikuwa penisilini. Ya pili ilikuwa ileile, kampuni tu ndiyo nyingine. Ya tatu ina udugu nazo, na ingawa wengi huivumilia, mtoto aliyebanwa pumzi vile sikutaka kumjaribia udugu. Nikachukua azithromaisini, ya ukoo mwingine kabisa. Ilikuwa hapo tangu asubuhi, bei karibu sawa.

Wahome, baba yake Ivy, aliyekuwa amepigiwa simu, aliingia mbio na ovaroli yake ya gereji.

"Mathe, si nilikuambia ukifika useme! Kila siku unasahau! Siku moja utaniulia mtoto!"

Shosho hakumgeukia. Alinitazama tu. Waliokuwa wamecheka nami nao wakanitazama. Nami nikainamia chupa, nikajifanya nasoma maandishi ninayoyajua kwa moyo. Nilikuwa nafikiria leseni yangu. Naona haya kulisema, lakini nilimwacha mama mzee akaripiwe na mwanawe mbele ya watu, kwa kosa langu, nami niko pale pale.

"Aliniambia," nikasema hatimaye. "Mara mbili. Nikamnyamazisha."

Wahome akamgeukia mama yake. Nikaeleza haraka kwamba dawa hii haina uhusiano na ile, ni mara moja kwa siku, na kwamba gari likifika waende Nyeri mtoto aangaliwe hadi kesho. Wahome akanyoosha mkono aipokee chupa. Shosho akamtangulia kuichukua.

"Nilikuwa nangoja nione kama utasema," aliniambia, bila kuinua sauti. "Ungenyamaza, hii dawa ningeimwaga huko nje."

Akanirudishia chupa, akampakata mtoto vizuri, akamwambia afungue mdomo, na wote wawili wakangoja kijiko changu.