Enyonam Hakusikia Swali

Enyonam aliwahi darasani kila siku ili akae mbele, kando ya ukuta wa kushoto. Hapo sikio la kulia, lililobaki na uhai kidogo, lilielekea wenzake, naye aliiona midomo ya mwalimu. Katika chuo hicho cha ualimu hakuna aliyejua. Walipoagana kwao Anloga, mama yake alimwonya: "Wakijua, watakurudisha."

Siku hiyo mada ilikuwa watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wengine. Mwalimu Tamakloe akawaachia wanafunzi uwanja.

Sitsofe, aliyelala naye chumba kimoja, akasimama. "Nina watoto sitini, halafu uniletee na kiziwi? Nimwimbie au nimpigie ngoma?"

Darasa likaangua kicheko. Enyonam naye akacheka.

"Wana shule zao," mwingine akadakia. "Waende huko!"

Mwalimu akageukia ubao, akawa anasema huku akiandika. Enyonam akasikia mvumo tu. Mara akaona watu wote wanamtazama. Ameulizwa nini?

"Ndiyo, mwalimu," akabahatisha.

Walicheka hadi madawati yakatikisika.

"Umeulizwa tuwapokee au tuwakatae, unajibu ndiyo!" Sitsofe alisema, kajishika mbavu. "Shoga, u kiziwi nini?"

Ulikuwa mzaha. Angecheka, yangeisha. Lakini alikuwa amechoka kuogopa.

"Ndiyo," alisema. "La kushoto lilikufa nikiwa darasa la nne. La kulia linafuata."

Mwalimu Tamakloe akaweka chaki chini. "Nisamehe, binti. Nilikupa mgongo."

Jioni, kwenye bwalo, Sitsofe alimsogezea samaki na kenke, donge la unga wa mahindi uliochachushwa. "UNATAKA PILIPILI?" Meza zote zikageuka.

"Usinipigie kelele. Nitazame, sema taratibu."

Sitsofe akainamisha kichwa. "Ningejua, nisingesema vile."

"Usingesema, ila ungewaza."

Sitsofe hakukana.

Ijumaa mkuu wa chuo akamwita. Enyonam alikwenda, akasimama mbele ya meza yake.

"Mtoto akikuita nyuma yako, utamsikiaje?" mkuu aliuliza.

"Nitawazoeza waje wanishike mkono, bwana mkuu."

Mkuu akaandika kitu kwenye faili. "Utakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha kama wenzako. Nitakuja mwenyewe kukuona."

Enyonam alitoka nje, asijue kama amepewa nafasi au mtego. Sitsofe alikuwa akimngoja mlangoni.

"Amesemaje?"

"Naenda. Sitsofe, naogopa."

"Hata mimi," Sitsofe alisema, akimtazama usoni. "Nami nasikia vizuri."