Mstari wa Rula

"Ofisa! Mashuka ya wodi ya wazazi haya hapa, yanangoja saini yako!"

Chumba kizima cha kufulia kikaangua kicheko. Yule aliyeitwa Ofisa hakuinua kichwa. Alikuwa anakunja shuka la mwisho la zamu yake, pembe kwa pembe, huku midomo ikimcheza: dai, sababu, mfano, upande wa pili. Dai, sababu, mfano, upande wa pili. Alikuwa kibarua wa kufua katika hospitali ile kwa miaka kumi na mmoja. Jina la Ofisa alipewa siku wenzake walipomfuma nyuma ya mashine ya kukaushia, akijisomea maswali ya mtihani wa kuajiri maofisa wa serikali. Mwanzoni lilikuwa la kumsimanga. Siku hizi hata madaktari walidhani ndilo jina lake.

"Siku yenyewe imefika, dada," alisema mpiga pasi, safari hii bila mzaha. "Ukipita usitusahau. Utuletee hata kiti humu ndani, miguu imetuvimba."

"Kiti cha kwanza ni chako."

"Na usipopita?"

Ofisa akaweka shuka juu ya rundo na kulilainisha kwa kiganja. Alikwisha kuufanya mtihani mara mbili na kuanguka mara mbili. Mwezi ujao alikuwa anatimiza miaka thelathini na mitano, na mwenye umri huo fomu yake haipokelewi. Mlangoni, juu ya vichwa vyao, palibandikwa tangazo la wiki iliyopita: mashine mpya mbili zinakuja, na vibarua "watatazamwa upya". Kila aliyekuwa mle ndani alijua maana ya kutazamwa upya.

Baba yake alikuwa akimngoja nje ya hospitali tangu kulipopambazuka. Alivaa koti lake la pekee, na kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Kalamu mbili," alisema kabla hata ya salamu. "Zote nimezijaribu. Na rula."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Twende, tusije tukachelewa."

Kituoni konda alikuwa anatangaza nauli mpya kwa sauti kavu, kama mtu aliyekwisha kutukanwa vya kutosha asubuhi hiyo. Mafuta yamepanda usiku, alisema, asiyetaka atembee. Wakatembea. Mzee alikuwa mjalidi wa vitabu maisha yake yote, na elimu yake aliipata darasa la jioni, mikono ikinuka gundi. Alitembea huku akimhoji binti yake.

"Swali likisema 'jadili'?"

"Pande mbili, kisha msimamo wangu."

"'Tathmini'?"

"Napima uzito. Nasema kipi kinazidi."

"Dakika ngapi za mpango?"

"Kumi."

"Kumi! Hata nyumba ikiungua. Na mifano yako iwe na miguu. Wewe una ugonjwa wa 'katika nchi fulani'. Nchi fulani ndiyo ipi hiyo? Nani amewahi kuishi huko? Mwisho?"

"Naukata mpango. Mstari mmoja, kwa rula."

"Kwa nini?"

Jibu alilijua tangu utotoni. Mpango ambao haujakatwa huhesabiwa kuwa jibu. Zamani zile, katika mtihani wake wa mwisho wa darasa la jioni, mzee aliandika mpango wake kwenye ukurasa wa kwanza, kisha insha ya kurasa saba, akasahau kuukata ule mpango. Msahihishaji alisoma ukurasa wa kwanza tu. Alama nne kwa mia. Kurasa saba hazikufunguliwa. Mzee akarudi kwenye gundi yake, na tangu siku hiyo hata orodha ya vitu vya dukani aliikata kwa rula baada ya kununua.

"Ili wasinisome nisipotaka kusomwa," alijibu Ofisa, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mtihani ulikuwa wa saa mbili, kuanzia saa tatu hadi saa tano. Walifika saa mbili na nusu. Getini palikuwa na meza, na nyuma ya meza karani mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana. Ofisa aliitazama ile pasi kwa jicho la fundi. Akatoa kitambulisho, kadi ya mtihani, na barua ya ruhusa ya mwajiri.

Karani aliigeuza barua mara mbili.

"Muhuri wa jana huu."

"Ndiyo, kaka. Walinipigia jana."

"Mtihani ni lini?"

"Leo."

"Basi ruhusa ni ya lini? Jana ungekuja, jana ningekuingiza." Akacheka peke yake. "Nenda kauhuishe. Anayefuata!"

"Kaka yangu, nimetoka zamu. Ofisi inafunguliwa..."

"Mimi si kaka yako, mimi niko kazini."

Mzee akasogea, akavua kofia. "Mheshimiwa," alisema. Ofisa hakuwahi kumsikia baba yake akimwita mtu mheshimiwa. "Mheshimiwa, barua yenyewe inataja tarehe ya leo. Soma hapo mstari wa tatu."

"Mzee, mimi sisomi barua. Natazama mihuri."

Simu ya karani ikalia. Akaisikiliza akiwa ameinuka nusu, akasema "sawa, bosi" mara tatu, kisha akamwashiria kijana mmoja mwenye tai aliyekuwa amesimama kando bila karatasi yoyote mkononi. Kijana akapita. Mzee akavaa kofia yake tena, polepole, akiitafutia mahali pake kichwani.

"Kimbia, mama," alisema. "Nenda."

Alikimbia. Viatu vya plastiki vya kazini vilimchuna visigino, na jasho likamtiririka mgongoni. Alipofika hospitalini ofisi ilikuwa wazi, lakini mtunza muhuri hajafika. Katibu muhtasi alikuwa anakoroga chai.

"Ufunguo wa droo anao yeye."

"Atakuja saa ngapi, dada?"

"Akifika utamwona."

Akakaa kwenye benchi akiitazama saa ya ukutani. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Akainuka, akaketi, akainuka. Saa nne kasoro dakika tano mtunza muhuri aliingia akilalamikia nauli. Akafungua droo, akapiga muhuri, wala hakuisoma barua. Kazi yote haikuzidi muda wa kupiga chafya.

Alipoingia ukumbini ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Msimamizi wa mtihani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye visigino vilivyotoka damu.

"Sheria inaruhusu uingie," alinong'ona. "Muda haiongezi."

"Najua, mama."

Swali lilikuwa moja: *Kupanda kwa bei hudhoofisha utumishi wa umma. Tathmini. Insha isipungue kurasa sita.*

Zilibaki dakika thelathini na tano. Kurasa sita kwa dakika thelathini na tano haziandikiki, hata mkono ungekuwa wa mashine. Lakini miaka mitatu ya kufunzwa haitoki mwilini kwa mara moja, na mkono ukaanza wenyewe na mpango. Dakika kumi, hata nyumba ikiungua.

*Dai la kwanza: bei hupunguza muda wa mtumishi. Mfano: leo asubuhi nauli imepanda, mtunza muhuri amechelewa, mimi nimetembea.*

*Dai la pili: bei peke yake hailaumiki. Mfano: kijana mwenye tai hakutembea wala hakuulizwa karatasi.*

*Dai la tatu: mtumishi aliyedhoofika huacha kusoma, hubaki kutazama mihuri. Mfano: karani wa getini.*

*Upande wa pili: zipo sheria za kulinda haki ya kila mwombaji. Jibu: sheria iliniruhusu kuingia saa nne na dakika ishirini na tano.*

*Msimamo: kinachozidi si bei. Ni nani hulipa.*

Akageuza ukurasa, akaanza insha. "Wataalamu wa uchumi wamekuwa na mitazamo tofauti kuhusu suala la kupanda kwa bei katika nchi mbalimbali," aliandika, na akaendelea hivyo hivyo, maneno ya vitabuni yakija kwa upole kama mashuka yasiyo na doa. Alifika ukurasa na nusu.

"Dakika tano," alisema msimamizi.

Ofisa akaacha kuandika. Akausoma ukurasa na nusu, kisha akarudi kusoma mpango. Mifano yote ilikuwa na miguu. Miwili kati ya miguu hiyo ilikuwa yake, nayo ilimwuma.

Akaichukua rula.

Msimamizi alipokuja kukusanya, alisimama. Akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu, umekosea," alinong'ona. "Umekata insha. Mpango umeuacha. Watasoma mpango."

"Ndiyo, mama."

"Hawatakupa alama. Unaelewa? Na majina ya kazi za watu umeyataja humo."

"Naelewa."

Mama yule akashika karatasi kwa muda, kana kwamba inaunguza. Kisha akaiweka katikati ya rundo, si juu wala chini, akaenda meza ya pili.

Nje, mzee alikuwa amesimama palepale alipomwacha, mbali kidogo na meza ya karani. Jua lilikuwa limemfika usoni na hakusogea kivulini.

"Muda ulitosha?"

"Haukutosha, baba."

Mzee akatazama chini, akaviona visigino vya binti yake, akatazama kando.

"Lakini mpango uliandika."

"Dakika kumi."

"Na mstari? Uliukata mstari?"

"Niliukata."

"Kwa rula?"

Akamrudishia rula. Ukingo wake ulikuwa na wino mbichi, ukampaka mzee kidoleni.

"Kwa rula, baba."