Herufi Nane

Siku Dunstan alipoiendesha programu ya utafiti mbele ya wafanyakazi wote, na majibu yakatoka kabla chai haijapoa, kituo kizima cha korosho kilipiga makofi. Anjelina naye alipiga. Kwa nini asipige? Yeye ndiye mchambuzi wa takwimu, na programu hiyo ilikuwa imemla uhai miaka mitatu. Kwenye kompyuta ya hapo kituoni Newala, yenye mfumo wa Yuniksi, ilijikokota kutwa nzima. Kwenye ile ya ofisi ya Masasi, yenye mfumo wa Dosi, iligoma kabisa. Dunstan aliletwa kutoka Dar es Salaam ili aifanye iende kote kuwili, tena iende mbio.

Furaha ilimkauka alipoyasoma majibu. Kijiji cha Mnyambe, salfa haisaidii. Haisaidii! Tangu serikali ijitoe na kuwaachia wafanyabiashara binafsi, salfa ya kukinga maua ya mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga ilikopeshwa pale tu ambapo ripoti ya kituo ilisema inaleta tija. Mnyambe ikikatiwa mkopo, maua yangenyaukia mitini mwaka huu huu. Na Anjelina alikuwa ameizunguka Mnyambe kwa miguu, akaiona mikorosho iliyopigwa salfa ikiinamisha matawi kwa uzito.

Akafungua diski, kila shamba likiwa na faili lenye jina la mwenyewe. Shamba la Lukmani lilikuwepo, la Gasper lilikuwepo. Ya akina mama yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Dosi haikubali jina la faili lizidi herufi nane, kwa hiyo Dunstan aliyakata majina yote yatoshe. Lukmani alipona. Lakini nani pale Mnyambe atamwita mwanamke mwenye watoto kwa jina lake mwenyewe, kama hana adabu? Wapimaji waliandika mama_flora, mama_florida, mama_florentina. Baada ya mkato wote watatu wakawa mama_flo, na kila shamba lililoingia lilifuta lililotangulia. Na huko Mnyambe mikorosho mizuri ni ya wanawake, wameirithi kwa mama zao. Programu ilikimbia kwa sababu ilikuwa imetupa mzigo njiani, na wao wameipigia makofi!

"Kosa ni lenu, dada," Dunstan alisema, bila hata kuinua macho. "Nani anaita faili 'mama'? Mngetumia namba."

"Wewe mama yako unamwita namba ngapi?"

Anjelina akaketi kuiandika programu upya. Kila faili akalipatia namba fupi, jina kamili akaliweka ndani. Badala ya kufungua diski kwa kila hesabu, programu ikasoma takwimu zote mara moja na kuzishika. Siku mbili baadaye ilienda kwenye mifumo yote miwili, kwa saa moja hivi, pasipo kumpoteza mtu. Safari hii Mnyambe ikatoka ya kwanza kwa tija ya salfa.

Asubuhi ya kuja wafadhili, alimfuata mkuu wa kituo, Mzee Alfani, aliyekuwa amesimama na Dunstan mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, Baba Ashura."

"Marahaba. Nimesikia habari za programu yako. Ila wageni wanafika mchana, nami nimewaahidi kuwaonyesha majibu kwa dakika tano. Saa nzima watasinzia. Tutatumia ya Dunstan."

"Basi mtafute mkeo humo."

"Mke wangu ameingiaje hapa?"

"Si ana shamba Mnyambe? Mtafute Mama Ashura."

Dunstan akafungua mama_ash. Lilikuwa shamba la Mama Ashiru. Mama Ashura hakuwemo, yeye na mikorosho yake yote. Mkuki kwa nguruwe mtamu: uso wa Mzee Alfani ulibadilika papo hapo, na kwa kitambo kidogo Anjelina aliamini ameshinda.

"Haiwezekani," mzee alisema. "Dunstan, mwingize Mama Ashura."

"Na wengine?" Anjelina aliuliza.

"Wengine tutawaangalia mwakani."

Mwakani! Kana kwamba maua yatasubiri mwakani. Anjelina alimsukuma Dunstan kando kwa kiwiko, akaandika amri ya kuifuta programu ya Dunstan, akabonyeza. Kisha akaichomoa disketi ya Dunstan na kuivunja gotini.

"Una wazimu?" Dunstan alipiga kelele. "Nakala nyingine iko Masasi!"

"Ifuateni," Anjelina alisema, akiiwasha programu yake mwenyewe. "Mpaka mrudi, hii ya polepole itakuwa imeshamaliza."