Nyumba Isiyopitisha Sauti

Herieth alipohamia nyumba yake mpya Mbweni, baa ya jirani ilipiga muziki wa singeli kutwa, mwanawe Venance halali. Akaita fundi, akaweka sponji ukutani, vioo viwili kila dirisha, mpira chini ya mlango. Kukawa kimya, mtoto akalala.

Mchana mmoja degedege likamshika Venance. Herieth akampakata, akapiga yowe, akangoja majirani wajae kama ilivyo ada. Akapiga tena mpaka sauti ikamkauka. Hakuja mtu.

Alipotoka mbio na mtoto, jirani yake Chausiku alikuwa anafua nje palepale, gari lake kando.

“Jamani shoga, mbona hukuniita?”

Venance alikuwa keshapoa mwili, hapumui tena.

Nyie mnaojenga, singeli inavumilika.