Vistari Viwili Mbele ya Alama

Mzee alikuja mochari kumtafuta mwanawe, fundi bomba aliyetoweka wiki nzima. "Ana kovu la moto bega la kushoto," aliniambia. "Ila sina moyo wa kufunuliwa shuka moja moja, binti yangu. Iulize kompyuta kwanza."

Programu ya kumbukumbu za maiti naitunza mimi. Aliyeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni mtangulizi wangu, mtu wa utaratibu mpaka anachosha. Kwenye klasi yake, kiolezo cha taarifa za kila maiti, aliyoiita Marehemu, taarifa ambayo jina lake lilianza na kistari kimoja cha chini ilikuwa ombi tu: ukiwa nje ya klasi, usiniguse. Hakuna kufuli, ni kuheshimiana kwa watu wazima. Alama za mwili alizipa vistari viwili, __alama, akaweka na njia rasmi ya kuwasomea ndugu. Njia hiyo sikuihangaikia. Nilikuwa na haraka, na kiburi pia.

Nikaandika mistari yangu mitatu nje ya klasi hiyo: pitia maiti wote arobaini na mmoja, kila mwenye __alama mtazame kama ana kovu. Jibu likaja tupu.

"Hayupo hapa, baba."

Akanishika mikono yote miwili, akalia kwa furaha. Nami nikafurahi naye, Mungu anisamehe.

Siku ya tisa tangu aje, nilichapisha orodha ya watakaozikwa na manispaa kesho yake. Orodha hiyo hupitia ile njia rasmi. Namba kumi na saba: mwanamume, kovu la moto, bega la kushoto.

Nikairudia mistari yangu mitatu. Jina likianza na vistari viwili, Python hulibadilisha kimyakimya, hulibandika jina la klasi mbele: _Marehemu__alama. Aliye nje akiuliza kwa jina la awali huambiwa hakuna kitu. Mimi niliambiwa hakuna mara arobaini na moja, wala sikushtuka kwamba watu wote hao hawana hata chale.

Nikampigia simu.

"Binti yangu! Habari za kazi?"

"Baba, nilikosea. Yupo. Alikuwepo siku ile ile."

Kwao redio ilikuwa ikiimba. Ikazimwa.

"Mama yake nimeshamwambia yu hai," akasema. "Sasa njoo umwambie wewe."